Pete ya Gumba Niliyoikwangua

Ile siku ya Jeddah naikumbuka kwa watu wake, kwa hiyo watu nitawataja kwanza. Kichwa changu hakikukaa darasani zaidi ya darasa la tatu, lakini jina la mtu halijawahi kukitoka.

Alikuwapo Lulwa, msichana wa miaka kumi na sita, niliyemlea tangu akiwa wa siku tisa. Alikuwapo mama yake, Madam Hissa, bosi wangu. Alikuwapo Iqbal, dereva wao, mtu wa Peshawar, baba wa mabinti wanne. Alikuwapo Bi Zuhura, mpishi wa nyumba ile, Mzanzibari wa Makunduchi, mkubwa wangu kwa miaka kumi na miwili, aliyeniita "mdogo wangu" hata nilipokwisha kupata wajukuu. Alikuwapo ajuza mmoja wa Kikorea, jina lake Sun-ja, ambaye sote tulimwita Halmoni, maana yake bibi kwa lugha ya kwao. Yeye ndiye aliyekuwa akimfundisha Lulwa upinde. Na nilikuwapo mimi, Rael Nduku, Mkamba wa Mwingi, yaya wa nyumba, mwenye miaka hamsini na saba.

Mwanangu, wewe unayejiandaa kwenda kazini ugenini, watu hudhani ujinga ni wa ujana, ukishaota mvi unakwisha. Mimi wa ujanani niliutumia wote kule Mwingi, na bado nikasafiri na mwingine sandukuni. Huo wa pili ndio ninaotaka kukusimulia, ingawa nikianza kuusimulia miguu yangu haitulii chini ya meza hii ninayoandikia.

Halmoni alikuwa mama wa mhandisi mmoja jirani yetu pale Riyadh. Mwanawe alimleta asikae peke yake kwao, naye akaja na upinde wake mfupi uliopindika kama pembe za mbuzi. Lulwa alikuwa anajua upinde wa shuleni, ule wa kuvuta kwa vidole vitatu, mshale ukikaa upande wa kushoto. Alipomwona yule bibi kwenye shamba la mapumziko la baba yake, nje ya mji, akivuta uzi kwa gumba peke yake mpaka nyuma ya sikio na kupeleka mshale mbali kuliko uwanja wa mpira ulivyo mrefu, alirudi nyumbani hali chakula. Hakutaka tena vidole vitatu. Alitaka gumba.

Basi ikawa kila Jumatano. Na kuhama kutoka vidole vitatu kwenda gumba, mwanangu, si mchezo. Mshale unahamia upande wa kulia, unaanguka. Unauokota, unaanguka. Gumba linapinda kama ndoano, kidole cha shahada kinakuja juu yake kulifunga, na vile vidole viwili vilivyozoea kazi vinaambiwa vikae kimya. Vinakataa. Lulwa alipigwa na uzi shavuni, alipigwa sikioni, akalia, akarudi. Wiki sita za mwanzo Halmoni hakumpa hata mshale. Alimpa utepe wa mpira tu, awe anauvuta kwa gumba na kuuachia, akitembea, akitazama televisheni, mpaka Bi Zuhura akasema, "Mtoto huyu akiolewa atamvuta mume kwa gumba."

Siku moja Halmoni alinipa na mimi upinde, kwa mzaha. Nikaubana mkia wa mshale kwa gumba na kidole, kama nilivyomwona baba yangu, Kilonzo wa Mbithi, aliyekuwa mchonga mishale. Kwetu upinde si wa wanawake. Mimi niliruhusiwa tu kukwangua vijiti kwa kipande cha chupa mpaka viwe laini. Mshale wangu ulianguka miguuni pangu. "Wawinda jongoo?" akaniuliza Bi Zuhura, na hata Iqbal, asiyejua Kiswahili, alicheka.

Sasa sikiliza habari ya pete, maana ndiyo kesi yenyewe.

Gumba la kuvutia haliendi tupu. Linavaa pete ya pembe ya nyati, ili uzi usikate nyama. Na tundu la pete hiyo si duara. Ni la umbo la yai. Unaiingiza ikiwa imelala upande, inavuka fundo la kidole, kisha unaigeuza ikae sawa, na kule kugeuka ndiko kunakoifunga. Inauma pale fundoni. Ndivyo inavyotakiwa. Halmoni alimpa Lulwa pete moja kati ya zake na kila Jumatano aliikwangua ndani kidogo, kidogo kama chumvi ya kuonja, akimvalisha, akimvua, akitikisa kichwa. Sharti lake lilikuwa moja, alilisema kwa Kiarabu chake cha maneno ishirini huku akijipiga kifuani: "Pete, mimi. Mtu mwingine, mafi." Asiguse mwingine. Atakayegusa, masomo halas, yamekwisha.

Nililisikia sharti lile kwa masikio yangu haya mawili.

Yakaja mashindano madogo ya wasichana kule Jeddah, kwenye shamba la farasi. Mishale mitano kila mmoja. Lulwa akafanya mazoezi kupita kiasi, gumba likavimba likawa kama kitunguu. Halmoni akaliona, akasema siku tatu asiguse upinde, na yeye na mwanawe watatangulia Jeddah kwa ndege, tutakutana huko.

Siku ya pili ya hizo tatu Lulwa alinifuata chumba cha kufulia. Alijua Kiswahili, nusu changu nusu cha Bi Zuhura, kilichojaa viungo.

"Nduku, wallahi haipiti. Tazama. Haivuki hapa."

"Si umeambiwa upumzike?"

"Na keshokutwa isipopita je? Watanicheka wote. Nduku, yalla, fanya kitu."

Alikuwa analia ile ya kimya, ya machozi kuteleza bila sauti, na mimi tangu akiwa mchanga kilio hicho sikiwezi. Fundi wa milango alikuwa ameacha kipande cha msasa pale dirishani. Mwanangu, mikono yangu iliuchukua kabla sijaamua. Nikasema moyoni, mimi ni binti wa Kilonzo, nitashindwa na kipande cha pembe? Nikakwangua. Nikaona inakuja vizuri, unga mweupe unadondoka, nikanogewa. Nilikwangua pale palipobana, upande huu na upande huu, mpaka ikapita gumba lote lililovimba bila kugeuzwa.

"Imeingia kama mkono kwenye samli!" akasema Lulwa, akanibusu kichwani.

"Halmoni asijue," nikamwambia.

Umelisikia neno hilo? Hapo ndipo nilipokosea mara ya pili, na kosa la pili lilikuwa zito kuliko la kwanza.

Tuliondoka Riyadh alfajiri, Iqbal akiendesha, Madam mbele, sisi watatu nyuma. Lulwa alikuwa ameshinda akiweka gumba kwenye barafu, na uvimbe ulikuwa umeshuka. Tulipovuka milima ya mchanga nikaona anaichezea pete. Anaizungusha. Inazunguka, mwanangu, kama gurudumu la baiskeli iliyopinduliwa. Nikaitazama ile pete. Nililolikwangua ni yai. Nililobakiza ni duara. Pete ambayo haigeuki haifungi, na uzi ukiachiwa kwa nguvu ile utaichukua pamoja na ngozi.

Nilijua. Tangu pale nilijua kila kitu.

Nikafungua dirisha, nikalifunga. Nikavua kiatu, nikakivaa. Kituo cha kwanza cha mafuta nilishuka nikalizunguka gari mara tatu. Maneno yalikuja mpaka kwenye meno, nikamwona Madam anacheka na binti yake jinsi walivyokuwa hawajacheka mwaka mzima, nikayameza. Nilikuwa nawaza nitafukuzwa. Ikama yangu, kile kibali cha kukaa nchini, ilibaki miezi miwili, na kafili, mdhamini wa kibali hicho, ni baba yake Lulwa. Lakini siyo hilo peke yake, nisikudanganye. Nilikuwa naona aibu. Mtu aliyekulea hapendi umwone mjinga.

"Wee Nduku," akaninong'oneza Bi Zuhura, "umekalia siafu? Toka Riyadh hukai kitako."

Nikamwambia. Yote, kwa Kiswahili cha haraka ili Lulwa asikidake, naye Lulwa alikuwa amevaa vile vya masikioni anasikiliza nyimbo. Bi Zuhura hakunigombeza. Alivuta uradi wake, kisha akasema, "Mficha maradhi, mdogo wangu, umalizie mwenyewe. Sema leo usiku tukifika. Mie nitakaa karibu yako."

Tulifika. Sikusema. Madam alikuwa amechoka, nikasema kesho. Kesho yake asubuhi Lulwa alikuwa ana furaha, nikasema nisimvunje. Kila saa nilikuta sababu, na kila sababu ilikuwa nzuri kuliko iliyotangulia. Bi Zuhura alinifinya mara mbili kwenye chai mpaka nikapata alama.

Na tulipokuwa tukilielekea shamba lile, hewa ya Jeddah ikitubandika nguo mwilini, nilimkumbuka baba yangu. Nilipokuwa na miaka tisa nilimkwangulia kijiti cha mshale, nikanogewa vivyo hivyo na ulaini, nikakifanya chembamba mno, kikavunjika mkononi mwake mbele ya wageni. Akauliza, "Nduku, nani amekigusa hiki?" Nikasema mbuzi amekikanyaga. Baba akamgeukia mbuzi, akamtazama kwa muda mrefu sana, kisha akanitazama mimi, akaingia ndani. Hakunichapa. Angenichapa ningeyamaliza siku ile. Hakunichapa, nikajifunza kwamba kunyamaza kunalipa.

Uwanjani wasichana walikuwa kumi na mmoja, mabaibui yamefungwa kiunoni, mishale mishipini. Halmoni akaja na kofia yake nyeupe, akamshika Lulwa bega.

"Pete, tamam?" akauliza, yaani iko sawa?

"Tamam, Halmoni," akasema Lulwa.

Mimi nilikuwa hatua mbili kutoka hapo. Hatua mbili.

Kwenye mstari wa kupigia hakuna kusema, hiyo ni adabu yao. Ukikosa shabaha hulaumu upepo, wala upinde, wala mtu. Unajitazama mwenyewe. Lulwa akainamisha kichwa kama alivyofundishwa, akaweka mshale kulia, akapinda gumba, akavuta. Akavuta mpaka nyuma ya sikio, mkono hautetemeki, na kwa kitambo kile alikuwa mzuri kuliko nilivyowahi kumwona. Kisha akaachia.

Mshale ulikwenda pembeni. Pete ilikwenda mbele, nikaiona inameta juani, ikadondoka kwenye mchanga. Lulwa hakupiga kelele. Aliushika mkono wake wa kulia kwa mkono wa kushoto, na damu ikatoka katikati ya vidole.

Halmoni hakukimbilia pete. Alikimbilia mtoto, akafunga gumba kwa kitambaa chake mwenyewe. Ngozi ilikuwa imechubuka kuanzia ukuchani hadi fundoni. Baada ya hapo ndipo alipokwenda kuiokota pete, akaifuta mchanga, akaingiza kidole chake kidogo ndani ya tundu na kukizungusha. Mara moja tu. Akakunja uso.

"Nani?" akauliza.

"Mimi," akasema Lulwa.

Mwanangu, sikiliza. Alisema mimi. Mtoto niliyembeba mgongoni alinitazama, akaona uso wangu, akajua naogopa nini, na akasema mimi. Mama yake akaruka, "Wewe? Umeambiwa usiguse! Umeniaibisha mbele ya mwalimu wako!" Halmoni akaanza kuufungua uzi wa upinde wa Lulwa, polepole, kama mtu anayekunja mkeka msibani. Upinde ulikuwa wake, alimwazima. "Halas," akasema. "Halas, halas." Na Lulwa, ambaye damu haikumliza, sasa alilia.

Nami nilinyamaza. Nasema ilikuwa muda wa kumeza mate mara tatu. Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Mimi ulimi wangu ulijikwaa kwa kulala.

Bi Zuhura hakunifinya safari hiyo. Alinivua mkono wake. Tulikuwa tumeshikana mikono tangu mwanzo, akautoa wake, akasogea pembeni, akaniacha nimesimama peke yangu. Lile tendo lilinisukuma kuliko kofi.

"Ni mimi," nikasema. Kwa Kiarabu, ili wote wasikie. "Mtoto hajagusa kitu. Nimekwangua mimi kwa msasa, chumba cha kufulia. Nikamwambia asiseme. Nimejua tangu njiani kwamba itatoka, na nimenyamaza."

Madam alinitazama kama mtu aliyeingia nyumbani kwake akakuta ukuta umehamishwa. "Tangu njiani?" akasema. "Nduku. Tangu njiani?" Nikasema ndiyo. 

Halmoni akanijia. Nilidhani atanitemea mate. Akanyoosha kiganja, nikampa mkono wangu, akaugeuzageuza, akapitisha gumba lake juu ya vidole vyangu. Kisha akapitisha ndani ya pete, pale nilipokwangua, palipokuwa laini kama jino.

"Mkono, zeni," akasema. "Mzuri sana." Akanigusa midomo kwa ncha ya kidole. "Ulimi, mafi."

Basi. Hayo ndiyo maonyo niliyopewa, maneno sita tu, na mwalimu wangu wa darasa la tatu hakuwahi kunifundisha somo refu kuliko hilo.

Lulwa hakupiga mishale minne iliyobaki. Tulirudi Riyadh, Iqbal akizima redio mwenyewe bila kuambiwa. Madam hakunifukuza. Aliniita siku ya nne, akaniambia nitabaki, ikama itafanywa, lakini kitu chochote cha mtoto kikiharibika nimwambie siku hiyo hiyo, hata kama ni kifungo cha nguo. Na Halmoni hakumwacha Lulwa. Aliniadhibu mimi: nije kila Jumatano, nikwangue pete mpya chini ya macho yake, kidogo kidogo kama chumvi ya kuonja, na kwa kuwa siwezi kujua inavyouma bila kuumia, nivae pete yangu na nivute na mimi. Wiki kumi na moja. Vidole vyangu vya Kikamba vilitaka kubana, gumba langu la uzeeni likawa jeusi, na kila nilipotaka kupaharakisha pale panapobana alinipiga kikofi mkononi. Pale panapobana ndipo panaposhika. Nilikuja kulijua hilo kwa fundo langu mwenyewe.

Lakini adhabu yenyewe haikuwa hiyo. Adhabu ilikuwa Lulwa. Alinisamehe kwa mdomo siku ile ile, ni mtoto mwenye moyo. Macho yake ndiyo yaliyochelewa. Nikimpa maziwa, anayanusa. Nikimpa gauni nililopiga pasi, analigeuza ndani nje. Hakuwa akifanya kwa ubaya, wala sidhani alijua kwamba anafanya. Miaka kumi na sita alikuwa amepokea kila kitu mkononi mwangu amefumba macho, na sasa alikuwa akikagua.  Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Nilikuwa nazunguka nyumba ile, naosha vikombe vilivyooshwa, nakunja vilivyokunjwa, nikingoja.

Ilikuwa miezi mingi. Pete mpya ilikwisha kumkaa, alikwisha kurudi kupiga, alikwisha kuipata shabaha mara mbili katika mitano na kurukaruka. Mchana mmoja alikuwa anasoma kwa ajili ya mtihani, nikamletea chai ya maziwa. Akanyoosha mkono bila kuinua macho kitabuni, akapokea, akanywa.

Nilikwenda chumba cha kufulia nikalia mpaka Bi Zuhura akaja kuuliza nani amekufa.

Sasa nikuambie wazi, mwanangu, nisikuache uokote mwenyewe. Kuna maumivu ambayo mwalimu ameyaacha mahali pake makusudi. Usiyaondoe kwa sababu unampenda mtu na machozi yake yanakushinda. Kamuulize aliyeyaweka. Na ukiisha kuharibu, maana utaharibu, sema siku hiyo hiyo, ungali na sababu moja tu ya kunyamaza. Ukizisubiri zitakuwa mia, na zote zitakuwa nzuri. Usingoje mpaka mdogo wako aseme "mimi" kwa ajili yako. Kazi utapata nyingine, hata nchi utapata nyingine. Mtu wa kupokea chai yako bila kuitazama, huyo humpati sokoni Dirah, pale Riyadh.

Mungu akupe mikono mizuri, na ulimi usiolala. Akupe wakubwa wa kukufinya, na siku kufinya kusipofaa, wakuachie mkono. Popote utakapokula mkate wa watu, Riyadh au kwingine, ule ukiwa na amani.

Na kama nimekosea mahali, mnisahihishe. Bi Zuhura, kwa mfano, anashikilia kwamba wasichana uwanjani walikuwa kumi na wawili, na kwamba sikumeza mate mara tatu, nilimeza mara kumi. Lulwa, wewe Kiswahili unakijua. Ukiyaona haya, niandikie uniambie nani mkweli.